Senge Hajaambiwa Aketi

Kwap.

Hiyo ndiyo sauti yenyewe. Si mlango, si radi, si kitu kimeanguka. Ni mkoba wa mwanamke, ile mikoba ya zamani, mweusi, wenye midomo miwili ya chuma inayobanana kwa juu. Ukiufunga unasema kwap. Nimesikia mengi tangu siku hiyo, hata mtoto wa dadangu akilia mara yake ya kwanza duniani nilikuwepo, lakini ukiniambia nitaje sauti moja ambayo sikio langu limekataa kuisahau, ni hiyo. Kwa sababu nilipoisikia ikitoka ndani ya stoo, mkoba wenyewe ulikuwa umening'inia mkononi mwangu. Na ulikuwa umefungwa.

Najua utasema wasichana wa maigizo huigiza hata wakiwa nyumbani. Sawa. Mamangu pia alisema hivyo. Lakini mimi kitu cha kutunga huwa nakisahau, leo nakisimulia hivi, kesho vile. Hiki nakikumbuka vile vile kila siku. Mwanamke aliyenifundisha wimbo wa Senge alikuwa ameshazikwa mwaka uliotangulia. Mimi sikujua. Ngoja nikueleze polepole.

Mimi ni mtu wa Tuwan, hapa Kitale. Shule niliacha kidato cha pili, si kwa kupenda, na tangu hapo nashona zipu na vifungo na mamangu sokoni. Lakini kichwa changu, wueh, kichwa changu hakijawahi kukaa sokoni. Kila gauni ninalorekebisha namuona mwenyewe akilivaa, namuona akipendwa, akigombana, akitoka nyumbani na kuubamiza mlango. Mamangu husema nimeshonea watu zipu za kinyume kwa sababu ya ndoto za mchana. Ni kweli, na wamezirudisha.

Ndiyo maana nilipojiunga na kikundi cha maigizo walinipa kazi ya kutunza nguo. Sikulalamika. Nilikuwa nabeba gunia la mavazi kama mtu aliyebeba dhahabu. Mchezo wetu mkubwa unaitwa Arusi ya Nekesa, na ni mchezo wa nyimbo, watu wanaimba kuliko wanavyosema. Nekesa anaolewa, wote wanafurahi, chakula kimeiva, halafu Senge anatokea. Kama hujui, senge kwa watu wa Bungoma ni shangazi, dada ya baba. (Zuhura, ambaye babu zake walitoka pwani, aliposikia jina hilo mara ya kwanza alicheka mpaka akakaa chini. Kwao lina maana nyingine ambayo siandiki hapa.) Senge anasimamisha arusi. Anataka mahari. Yeye ndiye mbaya wa mchezo. Haonekani hata dakika kumi, lakini watu wakitoka ukumbini ni yeye wanayemtaja njia nzima.

Huyo Zuhura ndiye alikuwa Senge. Anakaa karibu na msikiti, ana roho nzuri na sauti kama ya gari la matangazo. Alikuwa anamwingiza Senge jukwaani kama lori lililokatika breki. Mto matakoni, chingamu mdomoni, anamsukuma bwana arusi kutoka kwenye kiti na kukaa yeye. Kisha anaufungua ule mkoba mweusi mbele ya nyuso za watu, kama mdomo wa mamba, anaimba, "Mahari yangu iko wapi?" Halafu kwap. Watu wanaanguka kwa kicheko, wengine wanafuta machozi.

Kabla ya Zuhura kulikuwa na mwingine. Nilijua hivyo tu. Nilijua kwa sababu gauni la Senge lilikuwa limepunguzwa kiunoni kwa mkono wa mtu, mshono mdogo mdogo, wa subira, na mimi ndiye niliufumua nimpanulie Zuhura. Nilipomuuliza Mwalimu, huyu anayetuongoza, ni mshono wa nani, alisema, "Wa mama mmoja," akaanza kuongea habari za taa.

Basi Zuhura akapata mimba, daktari akamwambia alale, asiruke ruke. Zilibaki wiki mbili tucheze Kanduyi, pale Bungoma, ukumbi mkubwa kuliko wote tuliowahi kuuona. Mwalimu akatutazama sote. Akaniuliza mimi, "Si wewe unajua maneno ya kila mtu?"

Nilijua. Nilikuwa nayaimba nikipiga pasi.

"Basi chukua. Lakini nisikie vizuri. Watu wa Kanduyi wanakuja kucheka. Wasipocheka, Sharon ataichukua, na wewe urudi kwa gunia lako."

Sharon ni mtoto wa dada yake. Alikuwa amesimama hapo hapo, akanitazama kuanzia viatu kwenda juu, akasema, "Utafanya aje na hiyo kasauti?" Nilicheka kama wengine. Usiku ule sikulala. Umewahi kupewa kitu ulichokiota mpaka ukaogopa kukishika?

Nililipunguza gauni tena kiunoni, maana mimi ni mwembamba. Na hapo ndipo ningejua, kama ningekuwa na akili ya kujua. Sindano yangu haikutafuta njia. Ilikuwa inaingia kwenye matundu ya zamani, moja baada ya lingine, kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake. Gauni likanikaa sawasawa.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda ukumbini peke yangu alasiri, kufanya mazoezi mbele ya kioo. Ni ukumbi wa kukodi hapa mtaani, wa mabati, una stoo moja nyuma tunakoweka mavazi. Stoo haina dirisha na ina mlango mmoja tu. Ufunguo ulikuwa shingoni mwangu. Nilikuwa nimeifungua kuchukua gauni na mkoba, nikaacha mlango umerudishwa.

Nikaanza. Mto matakoni, chingamu, lori bila breki. Jameni, nilikuwa kituko, na si kituko cha kuchekesha. Mto ulikuwa unateremka. Nilipomsukuma bwana arusi wa kufikirika nilisema "pole" bila kujua. Ubaya hauniingii. Ndipo mvua ya Kitale ikashuka juu ya yale mabati, ile mvua ambayo hata ukipiga kelele hujisikii.

Lakini nilisikia kwap.

Nikautazama mkoba. Uko mkononi, umefungwa.

Kwap. Stoo.

Mtu mwenye akili angetoka mbio. Mimi nilifikiri ni Sharon amekuja kunichungulia. Nikasema kwa sauti, "Sharon, toka bana, nimekuona!"

"Kalibu," sauti ikajibu.

Nikausukuma mlango. Alikuwa amekaa kwenye benchi katikati ya magunia ya mavazi, mama wa makamo, mwembamba, kitambaa cheupe kichwani, sweta ya kijani yenye vifungo. Kifungo cha tatu kilikuwa cha rangi nyingine. Mimi ni fundi, huwa naanza na vifungo. Miguuni raba nyeupe. Nyeupe! Nje kulikuwa na matope mekundu tangu mvua ya jana, matope ambayo mbwa mwenyewe alikuwa anayakwepa, na raba zake zilikuwa safi kama za dukani. Niliona, na sikufikiri. Nilijiambia ni mmoja wa mama wa kwaya wanaotumia ukumbi siku za Jumapili, ameingia kujikinga mvua.

"Mulembe, mayi," nikamsalimu kwa heshima, vile huku tunawasalimu akina mama.

"Mulembe, mukhana. Nani alikufundisha kuingia hivyo?" Mukhana, yaani msichana, ndivyo alivyoniita.

"Ni Zuhura."

"Huyo mama unamkimbiza sana. Kwani anakimbiria nini?"

Alikuwa anaongea hivyo, kama watu wengi wa Bungoma, l inakaa kwa r na r inakaa kwa l. Kwetu si ajabu. Tunachekana nayo kila siku.

"Lazima aingie na nguvu, mama. Yeye ndiye mbaya."

"Mbaya," akasema, kama mtu anayeonja mchuzi ajue kama una chumvi. "Na mtu mbaya, yeye anajua ni mbaya?"

Akasimama. Hakuwa mrefu.

"Hapo kwa arusi, nani amemwambia Senge akae?"

Nikayapitia maneno yote kichwani, na unajua mimi nayajua yote. Baba ya Nekesa anawaambia wazee waketi. Anamwambia mchungaji aketi. Hata yule mlevi anayekuja kudoea pombe anaambiwa, "Keti hapo, usianguke." Senge peke yake haambiwi. Kwenye mchezo mzima, mama wa watu hajaambiwa aketi.

"Hakuna," nikasema.

"Basi anakaa aje? Msimamishe mrangoni." Akanyoosha mkono. "Nipe."

Nikampa mkoba. Aliupokea bila vidole vyetu kugusana. Akasimama pale kwenye mlango wa stoo, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje, mkono kwenye fremu. Hakufanya kitu. Nakuapia, hakufanya kitu chochote. Alisimama tu kama mtu aliyefika mahali ambapo watu wamenyamaza ghafla walipomuona. Nikasikia aibu, mimi, kana kwamba ndiye mwenye nyumba. Kisha akaimba, si kwa nguvu, na mvua yote ile ikawa kama imekaa chini kumsikiliza.

*Mnakula, mnacheza, mnaimba,*
*mahali yangu iko wapi?*
*Mtoto nilimbeba kwa mgongo,*
*mahali yangu iko wapi?*

Na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka. Si kwa dharau. Nilicheka vile tunavyocheka huku. Nikamwambia, "Mama, ni mahari. Ile ya ng'ombe. Ma-ha-ri."

"Ndiyo hiyo nimesema. Mahali."

"Mahari."

"Mahali," akasema, akinitazama. Mara ya tatu akaisema polepole, kama unavyomwelekeza mtu barabara na yeye hashiki. "Mahali."

"Sawa tu, mama, hata ukisema hivyo watu wataelewa."

Yeye hakucheka. Aliufungua mkoba, akachungulia ndani, vile mtu huchungulia mtoto aliyelala aone kama bado anapumua. Akaufunga taratibu. Kwap. Akanirudishia. Chuma kilikuwa baridi mpaka nikahamisha mkono.

"Ngoja nichukue kitu yangu," akasema, akarudi stoo.

Nilingoja. Mvua ikaisha, vile inaishaga kama mtu amefunga mfereji. Nikaita. Nikaingia. Magunia, benchi, ukuta. Mlango ni mmoja, na mimi nilikuwa nimesimama ndani yake. Nikatazama sakafu ya simenti: nyayo nyekundu za matope zilikuwepo, kutoka nje mpaka stoo. Zote zilikuwa zangu.

Sikumbuki kufunga ukumbi. Nakumbuka niko kwa Zuhura, niko kwenye mkeka kando ya kitanda chake, nimevaa gauni la Senge na mto bado uko nyuma, nalia.

"Kwanza toa huo mto," Zuhura akasema. "Nani amekufanya hivi?"

Nikamweleza. Nilipofika kwenye kifungo cha tatu alichukua simu yake, akatafuta tafuta, akanionyesha video ya zamani ya mchezo wetu. Ilikuwa na giza giza. Lakini sweta ilikuwa ile. Mlango wa jukwaani, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Rasoa," Zuhura akasema. "Huyo ndiye Senge wa kwanza. Mdogo wangu, huyo tulimzika. Hapa hapa Kitale, makaburi ya umma. Mimi mwenyewe nilisimama pale nikatupa udongo."

Akavuta shuka mpaka kifuani, na joto lilikuwepo.

"Unafikiri mimi nilipenda kuwekwa mto matakoni? Mazoezi yangu ya kwanza nilisimama pale mlangoni, kama yeye. Nikasikia kwap, hapa nyuma ya kisogo. Mkoba ninao mimi! Nikaruka ndani mbio, nikamkalia bwana arusi. Watu wakacheka. Na wakicheka, hausikiki. Astaghfirullah, mwaka mzima nimechekesha watu kwa uoga." Akanishika mkono. "Sikiliza. Wewe pia chekesha. Mlangoni usisimame."

Basi unaona nilipokuwa. Mwalimu anataka kicheko, Zuhura ananiombea kicheko, Sharon anangoja nikose kicheko. Na mimi nilitaka ile nafasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu maishani. Nikaamua nitachekesha. Wiki nzima nilifanya kama Zuhura, mazoezi na wengine, mchana, sikukaribia stoo peke yangu. Mwalimu akasema, "Umeanza kuelewa."

Kanduyi tulicheza Jumapili alasiri. Ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mlango wetu wa jukwaani ni miti miwili tu na pazia. Nilisimama nyuma yake na mto wangu, nimechora nyusi za ukali kwa wanja, mkoba mkononi. Mwalimu alikuwa pembeni. "Vunja mbavu zao," akaninong'oneza. Sharon alikuwa nyuma yake, ameshapaka rangi ya mdomo. Kwa nini umepaka, na huna sehemu leo? Sikuuliza.

Muziki ukapiga. Nikaweka mguu mmoja ndani.

Kwap.

Kisogoni. Karibu mpaka nywele za shingo zikasogea.

Miguu ilitaka kukimbia. Kila kitu kilikuwa kinaniambia kimbia, kimbia ndani, msukume bwana arusi, watacheka, utapona, na nafasi itakuwa yako. Na hapo hapo nikawaona wote waliokaa pale jukwaani, wazee, mchungaji, mlevi, kila mmoja na kiti chake, wananitazama. Nikajiuliza lile swali. Nani amemwambia akae?

Nikasimama. Nikautoa mto nyuma, nikauweka chini kando ya mlango. Nikashika ule mti kama fremu.

Nilikusudia kusema mahari. Nataka uamini hilo hata kama huamini mengine. Mimi nimezaliwa Kitale, r yangu haina shida. Ulimi wenyewe ukasema:

*Mahali yangu iko wapi?*

Ukumbi ukalipuka. Watu wa Bungoma wanajijua! Mwanamume mmoja akapiga kelele kutoka dirishani, "Senge, ni mahali ama mahari?" Mwingine akamjibu, "Hata sisi hatujui, muache aimbe!" Mwalimu alikuwa ananionyesha kwa mdomo, rrr, rrr, kama pikipiki. Nikaimba tena. Kicheko kikapungua. Nikaimba mara ya tatu, sijasogea, mguu mmoja ndani, mmoja nje, na kukawa kimya. Kimya kile si cha watu waliochoka. Ni kimya cha watu ambao wamegundua kuna mgeni mlangoni na hakuna aliyemkaribisha.

Ndipo kikatokea kitu ambacho hakimo kwenye mchezo. Mzee Barasa, anayeigiza baba ya Nekesa, alikuwa anatakiwa kunifukuza. Alisimama. Akakichukua kiti chake mwenyewe, akakibeba mpaka mlangoni, akakiweka mbele yangu.

"Kalibu, dada yangu," akasema. "Keti."

Nikaketi. Mkoba ukafunguka magotini kwangu, pole pole, sikuugusa. Ukafungika. Safari hii haukusema kitu.

Baada ya hapo arusi iliendelea sijui vipi. Walipiga makofi, si mengi, makofi ya watu wanaofikiri. Nyuma ya pazia Mwalimu hakunigombeza kwa sauti. Alisema tu, "Mmeniharibia mchezo," akaenda kukunja nyaya. Sharon akaanza kujifuta mdomo.

Nilikuwa navua gauni wakati mama mmoja alipoingia, mtu mzima, mikono inanuka vitunguu, maana anauza sokoni Misikhu. Alisema anaitwa Nafula. Hakunisalimu. Aliuliza, "Ule wimbo, nani alikufundisha kusema hivyo?"

Nikamwambia, "Ni Rasoa." Sikusema lini.

Akakaa kwenye gunia la nguo akalia, na akilia akanieleza. Kaka yake ndiye aliishi na Rasoa, pale Misikhu, miaka na miaka, bila kwenda kwao kuulizia wala kupeleka chochote. Rasoa akilima, akipika, jioni anakwenda kuigiza. Na kila mara, hata jikoni, alikuwa anamuuliza yule bwana mbele ya watu: mahali yangu iko wapi?

"Tulicheka," Nafula akasema. "Mukhana, tulicheka sana. Tulidhani anataka ng'ombe zipelekwe kwao. Tukamwita mwenye tamaa. Kaka yangu akawa ananuna, anasema huyu mama ni wa mahari tu."

Halafu Rasoa akafa. Watu wa Misikhu wakasema huyu hatukumuoa, hawezi kulazwa hapa. Kaka za Rasoa wakasema aliondoka kwetu na miguu yake, kwetu pia hana kaburi. Akakaa mochari mpaka kikundi kikanunua sanduku, akazikwa Kitale, kwenye makaburi ya watu wa kila mahali.

"Siku ile ndiyo nilisikia vizuri alikuwa anasema nini," Nafula akasema. "Siku tunatafuta pa kumlaza."

Umesikia? Hakuwa anakosea. Alikuwa anasema l, na alikuwa anataka kusema l. Sisi ndio tuliweka r. Na kama angesema "mahali pangu" kama vitabuni tungemuelewa, lakini huku kwetu ni nani husema pangu? Kila kitu ni yangu. Ng'ombe yangu, kiti yangu, mahari yangu, mahali yangu. Mwanamke aliuliza atalala wapi, aliuliza jukwaani mbele ya mamia ya watu, na sisi tulikuwa tunamrekebisha matamshi. Hata alipotoka kaburini kuniuliza, mimi nilimwambia ma-ha-ri.

Sasa utauliza iliishaje. Mwalimu alimpa Sharon nafasi ile. Nililia siku moja, nikarudi kwa zipu zangu. Sharon alicheza mara mbili, mara ya tatu akakataa. Mwalimu akaja sokoni akauweka mkoba kwenye cherehani, akasema bila kunitazama, "Anasema unajifungua wenyewe. Njoo Alhamisi." Sasa Senge ni wangu. Hachekeshi sana. Kila tukicheza, Mzee Barasa anabeba kiti mpaka mlangoni, na hakuna aliyemwandikia afanye hivyo.

Lakini usifikiri nilitoka mzima. Neno lile la ng'ombe siwezi kulisema tena. Wazee walipokuja kwa binamu yangu, nilitumwa niwaambie kwamba mazungumzo ya mahari yameanza. Ulimi ukasema mahali, wakacheka. Ninaliandika hapa, mkono hauna shida, lakini mdomo umekataa. Na ile kwap bado naisikia, hasa nikiwa na watu wanaomcheka mtu vile anavyoongea. Huja taratibu, kisogoni, na wengine hawageuki.

Kwa hivyo nakuambia, wewe unayesoma hivi na kutabasamu. Ulimi wa mtu ucheke ukitaka, sisi huku tutachekana mpaka kiama. Lakini ukimaliza kucheka muulize alikuwa anasema nini. Na ukimuona mtu amesimama mlangoni mwako, hata kama ni yule mnayemwita mbaya, mwambie aketi. Mwambie akiwa bado anaweza kuketi.

Juzi nilikwenda makaburini peke yangu. Sikumwambia mamangu wala Zuhura. Nilimtafuta kwa muda mrefu kati ya nyasi, nikampata karibu na ua, msalaba wa mbao umeinama kidogo. Aliyepaka rangi lile jina ni fundi aliyeambiwa kwa simu, na aliandika alivyosikia. LASOA.

Nikachuchumaa. Nikaufungua mkoba, nikatoa penseli ya wanja, ile ya kumchorea Senge nyusi za ukali, nikailoanisha kwa ulimi. Nikaongeza tumbo pale juu ya L, na mguu wa kuteremka. Haikuwa R nzuri, ilibaki na ule mstari wa chini, kama R iliyoketi.

Nikaikoleza mara mbili, maana mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa Mlima Elgon.